Harrier tako la nyani: taa ya tatu ya breki nimebadilisha mara mbili, bado haiwaki

#1 Mwana Kigogo
Wakuu, habari za majukumu.

Nina Harrier tako la nyani, ACU30 ya 2004. Mwezi uliopita natokea Chalinze, pale Kibaha trafiki akanisimamisha, akazunguka nyuma, akaniambia kanyaga breki. Nikakanyaga. Akasema taa ya juu, ile ndefu iliyo kwenye spoila, imekufa. Mbili za chini zinawaka vizuri tu. Akaniachia kwa onyo, na mimi 30,000 nilikuwa nimeshaiaga.

Nikaenda kwa fundi wa mtaani kwetu Tabata, akasema taa imekwisha. Nikashuka Kariakoo, nikapata ya mtumba kutoka Japani kwa 45,000. Ikafungwa, ikawaka siku moja, kesho yake kimya. Muuzaji muungwana, akanibadilishia bila maneno mengi. Hii ya pili imefungwa juzi. Kwanza iliwaka nusu, kushoto inawaka, kulia giza. Jana usiku mke wangu alikuwa nyuma yangu na gari lake, anasema haiwaki kabisa.

Sasa fundi anasema ni "boksi la umeme" ndiyo bovu, 350,000 pamoja na ufundi. Maswali yangu mawili: hiyo taa ina boksi kweli? Na nikiamua kuiacha, nikabaki na hizi mbili za chini, kuna ubaya gani?

Nawasilisha.

#2 Kidole Juu
Ngoja waje. Mi nakaa pale.

#3 mdudukoko
Uzi wa taa, picha ya taa hakuna. Tutajuaje kama una Harrier kweli?

#4 Babu wa Spana
Kijana, usitoe hiyo 350,000. Funga pochi kwanza tuongee.

Njia ya umeme wa breki kwenye gari lako ni fupi. Kuna fyuzi imeandikwa STOP. Kutoka hapo umeme unakwenda kwenye swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki. Ukikanyaga, swichi inaachia umeme uende nyuma, na kule nyuma waya unagawanyika: huku kushoto, huku kulia, huku juu. Zingekuwa zimezimika zote tatu ningekwambia angalia fyuzi au swichi. Zako za chini zinawaka, maana yake fyuzi nzima na swichi nzima. Ugonjwa uko baada ya waya kugawanyika, kwenye ile njia ya kwenda juu peke yake. Hapo katikati hakuna boksi la 350,000.

Fungua mlango wa nyuma uinuke. Tazama kwenye kona za juu, kuna mpira mweusi kama bomba lililokunjamana unaotoka kwenye bodi kuingia kwenye mlango. Humo ndani zinapita waya. Kila ukifungua na kufunga mlango, waya zinajikunja palepale. Miaka 20 ya kukunjwa, hata waya wa nguo ungekatika. Uchomoe huo mpira pole pole uchungulie. Nina uhakika utakuta waya umekatika au umebaki uzi mmoja.

Ni magari yote ya mlango wa kuinua, si hilo lako tu.

#5 Mwana Kigogo
Shikamoo Babu. Kesho asubuhi nachungulia. mdudukoko picha nitaweka, simu inachaji.

#6 Pwani Raha
Mie nipo Unguja na nina gari la namna hiyo hiyo. Langu halikuwa waya. Lilikuwa maji. Gundi ya chini ya spoila ilichoka, mvua inaingia taratibu, maji yanakaa kwenye soketi. Nilipochomoa plagi nikakuta pini zimeota kutu ya kijani, kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Kwa sisi wa huku chumvi iko hewani, hata ukiegesha ndani. Nilisugua kwa kipande cha msasa laini, nikapaka grisi kidogo, ikawaka mpaka leo.

Na kwako ya pili ilianza nusu halafu ikafa. Hivyo ndivyo maji yanavyofanya kazi, yanakula pole pole. Babu atanisamehe, lakini waya hukatika mara moja.

#7 Babu wa Spana
Pwani Raha nimekusamehe, ila waya haukatiki mara moja. Ndani ya waya mmoja kuna nyuzi nyingi nyembamba. Zinakatika moja moja. Ikibaki moja, mlango ukiwa umefungwa inagusa, ukiwa wazi haigusi, au kinyume chake. Ndiyo maana leo inawaka, kesho haiwaki.

#8 BintiMbweni
Samahani naingilia wazee wangu. Nimebadilisha hii taa kwa mikono yangu mwaka jana, kwa hiyo nina la kusema.

Hiyo nusu inayowaka nusu giza si waya wala si kutu. Waya wa kwenda kwenye taa ni mmoja. Ukikatika, taa inazima yote. Haiwezi kuzima kulia ikabakiza kushoto. Ndani ya hiyo taa kuna LED zimepangwa kwa mafungu, kila fungu LED tatu au nne zinafuatana kama shanga kwenye uzi, na rezista yake. Ikifa moja, fungu lake lote linazima. Mafungu mengine yanaendelea kama kawaida. Kwa hiyo taa ya pili uliyouziwa ilikuwa inakufa tangu inatoka dukani. Mtumba ni mtumba, hata ukitoka Japani.

#9 Chuma cha Makambako
Dada BintiMbweni kwa hilo la nusu uko sawa. Lakini hujaeleza kwa nini taa ya kwanza nayo ilikufa baada ya siku moja. Taa mbili za mtumba zife ndani ya wiki mbili? Kuna kitu kinaziua. Mimi nasema chaji ya altaneta imezidi. Gari likiwa limewaka, pima kwenye betri, isizidi volti 14.5 hivi. Likipiga 16, LED hazidumu, na taa za mbele nazo utakuwa unabadilisha kila mwezi.

#10 Mwana Kigogo
Taa za mbele zina miaka miwili sijazigusa.

#11 Chuma cha Makambako
Basi altaneta iko salama, nimefuta kauli. Nusu ya kauli.

#12 Ughaibuni Baridi
Niwajibu swali la pili maana naona mmelikimbilia la kwanza. Ubaya wa kuiacha upo. Huku Marekani hiyo taa ni sheria tangu magari ya 1986. Ilianza na mwanasaikolojia mmoja anaitwa John Voevodsky, 1974 alizifunga kwenye teksi za San Francisco, teksi 343, na nyingine 160 akaziacha bila taa ili alinganishe. Zenye taa ya ziada ajali za kugongwa nyuma zikapungua kwa zaidi ya asilimia 60. Asilimia 60 ndugu zangu! Halafu mtu anauliza kuna ubaya gani kubaki na mbili.

#13 Njia Panda
Ughaibuni umeleta nusu ya hadithi, kama ile taa ya mleta uzi.

Kwanza, 1986 ilikuwa kwa magari madogo ya abiria. Magari ya juu kama Harrier, pikapu na vani yaliwekewa sharti hilo baadaye, kuanzia ya 1994. Pili, hiyo 60 ni ya majaribio ya mwanzo, wakati taa yenyewe ilikuwa kitu kigeni na kila dereva anaikodolea macho. NHTSA, wakala wao wa usalama barabarani, walikuja kupima kwa miaka mingi, na ripoti yao ya 1998 ikasema faida ya kudumu ni kama asilimia 4.3. Watu walizoea. Si kwamba haina maana, asilimia nne ya ajali za kugongwa nyuma nchi nzima ni watu wengi, na taa yenyewe ni rahisi. Lakini usimtishe mwenzio kwa 60.

#14 Ughaibuni Baridi
Nimekubali kukosolewa. Ila jimbo nililopo ukienda kukaguliwa gari na hiyo taa haiwaki, hupati stika. Hawaulizi asilimia.

#15 Kidole Juu
Hapa sasa ndipo nilipokuwa nimekaa pale.

#16 mdudukoko
Kwani bongo tuna kugongwa nyuma? Huku wote tunagongwa ubavuni na bodaboda.

#17 BintiMbweni
mdudukoko wewe. Foleni ya Ubungo jioni unafikiri wanagongana mbele?

Tukiacha takwimu, kazi ya hiyo taa ni hivi. Zile za chini usiku zinakuwa zimewaka tayari kama taa za nyuma, ukikanyaga breki zinaongezeka mwanga tu, na dereva aliyechoka hagundui. Ya juu haina kazi nyingine. Ikiwaka ni breki, basi. Na kwa kuwa iko juu, dereva wa tatu na wa nne nyuma anaiona kupitia vioo vya gari lililo mbele yake. Kwenye gari la juu kama Harrier hata dereva wa lori anaiona machoni pake, wakati zile za chini zimefichwa na bampa la mwenzake.

#18 Pwani Raha
Ikiwa hujaifunika kwa godoro. Wallahi nimeona gari Bara huko limefunga godoro na mabeseni mpaka yananing'inia nyuma. Hiyo taa hata ingekuwa jua isingeonekana.

#19 Njia Panda
Na kuna wanaozipaka rangi nyeusi ili "zipendeze".

#20 Chuma cha Makambako
Kuna mwingine ameweka zile zinazomemetuka kama disko, ukimfuata Mafinga kwenye ukungu unafikiri ni gari la wagonjwa. Mwenye hayo mambo humu ajitokeze.

#21 Kidole Juu
Nimetoka pale, nimehamia uani.

#22 Mwana Kigogo
Wakuu naleta mrejesho wa kwanza. Picha nimeshindwa kupandisha, mdudukoko nisamehe.

Asubuhi nimechomoa mpira wa kona ya kushoto, Babu. Waya zipo saba au nane. Mbili zimepasuka ganda, shaba inaonekana, lakini hakuna uliokatika kabisa. Nikamwita kijana anishikie pedali. Mlango ukiwa wazi taa inawaka NUSU. Nikiushusha taratibu, katikati inazima. Ukifunga, haiwaki. Sasa nani amepatia, Babu au BintiMbweni?

#23 Babu wa Spana
Mimi.

#24 BintiMbweni
Wote wawili. Nusu ni yangu, kuzima katikati ni ya Babu. Una magonjwa mawili yanakaa nyumba moja.

#25 Pwani Raha
Na la tatu hujalitazama. Umechomoa plagi ya taa yenyewe ukaangalia kutu?

#26 Jirani wa Grogan
Nawasalimu kutoka Nairobi. Kwangu makanika alinionyesha kitu, ngoja niwape. Zile waya mbili zilizopasuka ganda, moja inaweza kuwa ya breki na nyingine ya kitu kingine kabisa, kama defroga (ya kuondoa ukungu kwenye kioo) au kufuli ya mlango. Zikigusana ndani ya huo mpira, umeme unaenda kusikotakiwa. Mzee mmoja hapa Kirinyaga Road gari lake lilikuwa likikanyagwa breki, waipa ya nyuma inajaribu kuamka. Watu walisema ni majini. Ilikuwa ni waya kwenye mpira wa mlango. Kwa hiyo taa kufa baada ya siku moja inaweza kuwa ni hiyo.

#27 Chuma cha Makambako
Jirani, waya ya defroga ikigusa hiyo ya breki inaleta volti 12 zilezile. Haiui LED. Itaifanya iwake bila kukanyaga, lakini haitaiua.

#28 Jirani wa Grogan
Sawa ndugu, lakini waipa iliamka.

#29 Mwana Kigogo
Fundi wangu nimemwambia haya yote kwa simu. Amesema: "Hao wa mtandaoni waje wafunge wao." Ila amekuja na multimita, amepima kwenye plagi ya taa nikiwa nimekanyaga breki, mlango wazi, ikasoma 12.1. Anasema umeme unafika vizuri, waya mzima, kwa hiyo ni boksi.

#30 Babu wa Spana
Multimita inadanganya hapo, na mafundi wengi inawadanganya hivyo hivyo.

Multimita haivuti umeme wowote wa maana. Waya ukibaki na uzi mmoja mwembamba kama nywele, multimita itasoma 12 bila wasiwasi, maana haijaubebesha mzigo. Ukiunganisha taa inayovuta umeme, ule uzi unashindwa. Ni sawa na bomba lenye takataka: ukiziba mwisho kwa kidole, presha unaisikia kamili. Ukifungulia, yanatoka matone.

Mwambie achukue glopu ya kawaida ya wati 21, ile ya taa ya breki ya chini, aiunganishe na waya mbili aichomeke kwenye hiyo plagi. Ukanyage breki. Ikiwaka kwa nguvu, waya mzima. Ikiwaka kama kibatari, waya umekufa, hata multimita iseme nini. Na wakati inawaka, aufungue na kuufunga mlango.

#31 Chuma cha Makambako
Naunga mkono, na naongeza: apime na upande wa hasi. Watu wanatafuta chanya tu. Taa inaweza kupata chanya safi na eathi yake ikawa imelegea kwenye mlango. Aweke ncha moja ya multimita kwenye pini ya hasi ya plagi na nyingine kwenye hasi ya betri au kwenye chuma kisafi cha bodi, huku taa ikiwa imeunganishwa na breki imekanyagwa. Ikisoma volti moja au mbili, eathi mbovu.

#32 Babu wa Spana
Eathi ya mlango nayo inapita kwenye mpira uleule. Tumerudi palepale.

#33 Chuma cha Makambako
Kwenye magari mengine inafungwa kwa boliti kwenye mlango wenyewe, na mlango unapata hasi kupitia bawaba. Bawaba ikiwa na kutu au grisi nyingi...

#34 Babu wa Spana
Kijana, bawaba zimefungwa kwa boliti kwenye chuma. Acha bawaba.

#35 Chuma cha Makambako
Nimeacha bawaba.

#36 mdudukoko
Hawa wawili waoane.

#37 Mwana Kigogo
BintiMbweni, naomba unielekeze kushusha taa mwenyewe. Fundi amenuna, na mimi nimeshamchoka.

#38 BintiMbweni
Sawa kaka. Usifanye siku ya mvua, na usifanye ukiwa na haraka.

Fungua mlango wa nyuma. Kava ya plastiki ya ndani, upande wa juu wa kioo, imeshikwa na klipu. Ukiingiza bisibisi moja kwa moja utachubua, kwa hiyo funga kitambaa kwenye ncha, au tafuta kipande cha plastiki kigumu (mimi nilitumia mwiko mdogo wa ugali, mume wangu hajui mpaka leo). Vuta karibu na klipu, si katikati ya kava, maana ukivuta katikati inavunjika. Klipu moja au mbili zitakatika tu, ni za miaka 20, usilie. Kariakoo zinauzwa kwa pakiti.

Ndani utaona nati za kushika spoila na plagi ya taa. Kwangu nati zilikuwa za spana namba 10. Legeza zote kidogo kidogo kabla hujatoa hata moja, usije ukabaki na spoila inaning'inia upande mmoja inakwangua rangi. Bandika tepu ya karatasi kwenye rangi kuzunguka spoila. Ikiwa imeganda na gundi, usiing'oe kwa bisibisi, pitisha mshipi wa kuvulia samaki chini yake, wa kushika pande mbili, ukate kama unakata sabuni. Ikiwa gari lako lina bomba la maji ya kuoshea kioo linalopita hapo, lichomoe kwa upole na uliinamishe maji yasiingie ndani ya mlango.

Taa ukishaitoa, ijaribu KABLA hujafunga chochote. Kukanyagia breki huna haja ya kumsumbua kijana, chukua ufagio, upande mmoja kwenye pedali, mwingine kwenye kiti, sukuma kiti mbele kidogo. Inakaa yenyewe, na hata ufunguo hauhitajiki, kwenye gari lako taa za breki zinawaka bila kuwasha gari. Ila usisahau ufagio hapo, mimi nilisahau, asubuhi betri imelala.

Kurudishia: safisha gundi ya zamani yote, kausha, paka silikoni nyembamba kuzunguka pale taa inapokaa, usizibe vitundu vidogo vya chini, hivyo ni vya kutolea maji. Nati kaza ziungane tu, plastiki ikikazwa sana inapasuka.

#39 Pwani Raha
Vitundu vya chini! Hapo ndipo kwangu palipozibwa. Fundi alipaka silikoni mpaka kwenye vitundu, maji yakaingia yakakosa pa kutokea.

#40 Njia Panda
BintiMbweni, bandiko lako nimelihifadhi. Swali dogo: LED ina faida gani kuliko glopu ya zamani? Maana mleta uzi angeweza kununua taa ya glopu yakaisha.

#41 BintiMbweni
Inawahi kuwaka. Glopu ni waya unaopata moto kwanza ndipo unatoa mwanga, LED inawaka papo hapo. Tofauti kama sekunde 0.2.

#42 Ughaibuni Baridi
Sekunde 0.2 kwa kilomita 100 kwa saa ni mita 20 hizo, si mchezo.

#43 Njia Panda
Ughaibuni jamani. Kilomita 100 kwa saa ni mita kama 28 kwa sekunde. Gawanya kwa tano, mita tano na nusu. Urefu wa gari moja na ushee.

#44 Ughaibuni Baridi
Huku tunatumia maili, nimechanganya.

#45 Kidole Juu
Kwa maili ndio ingekuwa 20?

#46 Chuma cha Makambako
Na wenye taa za glopu wanaotaka kuchomeka LED kwenye soketi ileile: LED ina chanya na hasi. Ukiichomeka haiwaki, igeuze kabla ya kwenda kumgombeza muuzaji. Nimeona watu wanatupa LED nzima.

Na kwenye baadhi ya magari ya Kimarekani ukiweka LED kwenye breki, ile ya kushika mwendo yenyewe bila kukanyaga mafuta (cruise control) inakataa kufanya kazi, kwa sababu inasoma njia ya umeme kupitia glopu. Kwa Harrier sijaona.

#47 Mwana Kigogo
Mrejesho wa pili. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa Dodoma kikazi.

Nimeshusha mwenyewe Jumamosi. Klipu zimekatika nne, si mbili. Plagi ilikuwa na ukijani kidogo kwenye pini moja (Pwani Raha piga makofi). Glopu ya wati 21 kwenye plagi: mlango wazi inawaka vizuri, mlango nusu inakuwa kibatari (Babu piga makofi). Hasi nilipima, 0.3 (Chuma samahani). Na taa yenyewe nilipoiunganisha moja kwa moja kwenye betri, kulia bado giza (BintiMbweni makofi).

Waya nimeunga, nimechomea risasi, taa nimenunua ya tatu, hii mpya kabisa, si ya mtumba. Imewaka. Yote. Nimemwonyesha mke wangu saa tatu usiku, akasema sawa, akaingia ndani.

#48 Babu wa Spana
Umeungia wapi? Usiseme ndani ya mpira.

#49 Mwana Kigogo
Ndani ya mpira, Babu.

#50 Babu wa Spana
Aaah. Risasi ikishaingia kwenye waya inaufanya ugumu kama msumari. Ukiunga pale panapokunja, utakatika ubavuni mwa maungio ndani ya miezi. Ongeza kipande cha waya laini, maungio moja yawe ndani ya bodi, lingine ndani ya mlango, mpirani upite waya mtupu usio na kiungo. Na kama ni waya mbili, usiungie sehemu moja, moja juu, nyingine chini, mpira usivimbe.

#51 Mwana Kigogo
Haya, kwa sasa inawaka. Ikikatika narudi.

#52 Mwana Kigogo
Nimerudi. Siku kumi na moja. Mvua ya juzi usiku imenyesha, asubuhi taa inawaka nusu. Sasa ni kushoto ndiyo giza, kulia inawaka. Taa ni mpya! Nikitikisa mlango haibadiliki.

#53 Pwani Raha
Mvua umeisema mwenyewe. Vitundu uliviacha wazi?

#54 BintiMbweni
Taa mpya inaweza kuwa mbovu pia. "Mpya" ya wapi? Yenye jina au isiyo na jina?

#55 Mwana Kigogo
Isiyo na jina. Vitundu nadhani niliviacha.

#56 Pwani Raha
"Nadhani".

#57 Chuma cha Makambako
Nirudi kwenye altaneta?

#58 Babu wa Spana
Rudi ulikotoka. Kijana, kata yale maungio kwanza ndipo tuongee mengine.

#59 Mtoto wa Mikindani
Wakuu samahani kwa kufukua uzi. Mimi nina IST, taa ya juu ya breki inawaka hafifu nikiwasha indiketa ya kushoto, inapiga pamoja nayo. Inaweza kuwa nini?

#60 Chuma cha Makambako
Eathi.

#61 Babu wa Spana
Eathi. Anza na ya taa ya nyuma kushoto, kisha utuwekee picha.

#62 mdudukoko
Yeye ataweka picha, utaona.